Mohamed Amin: Mwana wa Eastleigh aliyewaliza walimwengu kwa picha

JINA la Mohamed Amin huenda likawa geni masikioni mwa vijana wengi waliozaliwa baada ya miaka ya tisini. Picha zake, hata hivyo, si ngeni kwao. Wameziona runingani na vitabuni pasipo kujua kwamba aliyezipiga alikuwa mzawa wa Nairobi.

Ni yeye aliyeshika kamera katika kambi ya Korem, kaskazini mwa Ethiopia, mnamo Oktoba 1984, na kuwaonyesha walimwengu watu waliokuwa wakifa kwa njaa kwa maelfu huku vita vikiendelea kuwazingira. Hakuna picha nyingine zilizotoka Afrika katika karne hiyo zilizotikisa mioyo ya watu wengi kiasi hicho kwa muda mfupi kama huo.

Mohamed Amin alizaliwa Agosti 29, 1943 mtaani Eastleigh. Babake, mzawa wa Punjab, alikuwa mfanyakazi wa shirika la reli, na kazi hiyo ndiyo iliyoihamisha aila hiyo hadi Dar es Salaam wakati Mohamed alikuwa bado mtoto wa shule.

Huko Dar ndiko alikoipata kamera yake ya kwanza, Box Brownie kuukuu ambayo wapigapicha wa studio wangeicheka. Kijana huyo hakuijali kejeli. Mashindano ya magari ya East African Safari yalipopitia mjini humo, alijipenyeza miongoni mwa wanahabari, akapiga picha na kuziuza.

Tangu hapo darasa halikuwa na mvuto tena kwake. Mwaka 1963, akiwa hajatimiza umri wa miaka 21, alianzisha kampuni yake ya picha, Camerapix, katika jiji hilo hilo.

Hakungoja sana kabla ya kukutana na damu. Januari 1964 mapinduzi yalizuka Unguja, na majuma machache baadaye picha za Amin zilikuwa zimekwisha kusambaa katika magazeti na runinga za ughaibuni. Mwezi huo huo askari wa Tanganyika waliasi, naye akawa papo hapo Dar es Salaam na kamera yake.

Katika siku hizo alijifunza jambo ambalo lingemfuata maishani mwake mwote. Mtu anayetazama maafa kupitia kioo cha kamera hujihisi yuko mbali nayo, japo risasi zinapita kando ya sikio lake. Mwanga, umbali na idadi ya futi za filamu zilizosalia humshughulisha kiasi kwamba hofu hukosa pa kukaa.

Wenzake waliomfahamu, na waliomwita Mo, walimjua kama mtu mkavu, mwenye haraka, asiyependa maneno mengi na asiyekubali kushindwa na mpinzani yeyote katika kazi. Kwa wengine alionekana hana huruma.

Unguja ilimtoza gharama pia. Mwaka 1966 alikamatwa kisiwani humo baada ya kupiga picha za shughuli za kijeshi ambazo wakuu wa serikali hawakutaka zionekane. Alitiwa korokoroni katika gereza la Kiinua Miguu, akateswa, na kuzuiliwa kwa karibu majuma manne kabla ya kuachiliwa. Hakuweza tena kuendelea na maisha yake Tanzania. Alirejea Nairobi na Camerapix yake, akaanza upya katika jiji alikozaliwa.

Ilikuwa Nairobi hiyo hiyo, Jumamosi ya Julai 5, 1969, alipopata picha ambazo Wakenya wengi wasingetamani ziwepo.

Tom Mboya, waziri wa mipango ya uchumi na mmoja wa wanasiasa waliotajika zaidi barani Afrika, alipigwa risasi akitoka katika duka la dawa kwenye barabara iliyoitwa Government Road, ambayo leo ni Moi Avenue. Amin alifika muda mfupi tu baada ya tukio, akapiga picha za juhudi za kumwokoa.

Mboya hakuwa mtu baki kwake. Kila mwanahabari wa Nairobi alimfahamu waziri huyo, na Amin alikuwa amempiga picha mara nyingi akiwa hai, akitabasamu, akihutubia. Kumwelekezea kamera akiwa katika pumzi zake za mwisho ni jambo ambalo wengi wangelikataa, na huenda wangekuwa na haki. Hata hivyo, filamu hiyo ndiyo iliyoufanya msiba wa taifa uonekane na kila mtu jinsi ulivyokuwa. Mwaka huo alitunukiwa nchini Uingereza tuzo ya mpigapicha bora wa runinga.

Miaka ya sabini ilimpata akizunguka bara zima. Idi Amin alipompindua Milton Obote Januari 1971, Mohamed Amin alikuwa miongoni mwa wanahabari wa mwanzo kuingia Kampala, na kwa miaka minane iliyofuata mtawala huyo, ambaye kiongozi mwenza huyu wa jina hakuwa na nasaba naye, alikuwa mmoja wa watu aliowapiga picha mara kwa mara.

Yafaa kutaja pia kwamba hakupiga picha za mauti pekee. Kitabu chake kuhusu Hija, Pilgrimage to Mecca, kilitolewa mwaka 1978, na kile cha Cradle of Mankind, kuhusu Ziwa Turkana na watu wa kando yake, kikafuata mwaka 1981. Anayevifungua vitabu hivyo hukutana na nyuso za watu wanaoswali, wanaovua samaki, wanaocheza ngoma na wanaomtazama mpigapicha machoni bila haya. Ni jicho lile lile lililokuwa Unguja na Government Road, ila hapa limepewa wasaa.

Wasaa huo ndio uliokuja kuwa na maana Korem.

Kufikia mwaka 1984, mvua ilikuwa imekosekana kaskazini mwa Ethiopia kwa misimu kadhaa. Lakini ukame peke yake haukutosha kuwaua watu wengi kiasi kile. Utawala wa kijeshi wa Mengistu Haile Mariam, ulioitwa Derg, ulikuwa ukipigana na waasi wa Tigray na Eritrea. Mashamba yalichomwa, masoko yalishambuliwa kwa ndege za kivita, na chakula kikazuiwa kufika katika maeneo yaliyodhaniwa kuwaunga mkono waasi.

Mnamo Septemba mwaka huo, serikali iliadhimisha kwa fahari kubwa miaka 10 ya mapinduzi jijini Addis Ababa. Wanahabari wa kigeni walikatazwa kwenda kaskazini. Njaa haikutakiwa ionekane katika picha za sherehe.

Amin, ambaye wakati huo alikuwa akilifanyia kazi shirika la habari la picha za runinga la Visnews, alikuwa na marafiki katika afisi nyingi za Addis Ababa. Aliomba, akasihi, akatumia kila aliyemjua hadi kibali kikapatikana. Alisafiri pamoja na Michael Buerk, mwanahabari wa BBC.

Korem iko juu kwenye nyanda za milima, na usiku wake ni wa baridi kali. Watu wapatao 40,000 walikuwa wamekusanyika hapo, wengi wakiwa wametembea kwa siku nyingi kutoka vijijini wakitafuta chakula ambacho hakikuwepo. Wengi walilala nje wakiwa wamejifunika mashuka yao meupe yaliyochakaa.

Kabla ya jua kuchomoza Amin alikuwa tayari ameanza kazi. Filamu yake inaanza na mwanga wa alfajiri uliopauka, ukungu na moshi vikiwa vimetanda juu ya tambarare. Polepole, mtazamaji anatambua kwamba vile vilivyodhaniwa kuwa mawe au mafurushi ni watu.

Kamera haina haraka. Inapita juu ya umati huo kwa mwendo wa mtu anayetembea kilioni. Inashuka hadi kimo cha watoto waliokaa chini, inakaa juu ya uso mmoja kwa muda mrefu kuliko kawaida ya taarifa za habari, kisha inahamia kwa mwingine. Kuna maiti zilizofungwa kwa matambara na magunia, zimepangwa mstari. Kuna mama na mtoto wake mchanga waliosetiriwa pamoja. Kuna mtoto wa miaka mitatu aliyekata roho.

Wanaojua kazi ya kamera husema kwamba hapo ndipo ustadi wa Amin ulipoonekana, kwa sababu hakufanya lolote la kuuonyesha. Hakutafuta pembe za ajabu. Hakukimbilia sura iliyotisha kupita nyingine. Aliwatazama watu wale kama ambavyo angemtazama jirani, na akamlazimu mtazamaji aliyekuwa sebuleni mwake London au New York afanye vivyo hivyo.

Katika mji wa Mekele, kaskazini zaidi, kulikuwa na muuguzi wa Msalaba Mwekundu, Claire Bertschinger, ambaye kila siku alilazimika kupita kati ya watoto zaidi ya elfu moja na kuwachagua wachache tu ambao kituo chake kingeweza kuwalisha. Waliobaki walirudi kukaa chini. Kamera ya Amin iliyaonyesha hayo pia. Miongoni mwa waliotazama mahojiano na muuguzi huyo na kukosa usingizi alikuwemo mwanamuziki wa Ireland, Bob Geldof.

Kwa mtu aliyejulikana kwa ukavu wa macho, Korem ilikuwa jambo jingine. Kwa miaka 20 kioo cha kamera kilikuwa kimemkinga. Mara hii hakikumkinga. Waliokuwa karibu naye walisimulia baadaye kwamba safari hiyo ilimbadilisha, na kwamba yaliyomkabili pale yalimwandama hata baada ya kurudi nyumbani Nairobi, kwa mkewe Dolly na mwanawe wa pekee, Salim, ambaye wakati huo alikuwa kijana wa miaka 14.

Taarifa hiyo ilipeperushwa na BBC mnamo Oktoba 23, 1984. Ilidumu kwa takriban dakika saba, muda ambao ni mwingi mno kwa habari moja ya runinga. Siku hiyo hiyo NBC ya Marekani iliionyesha. Inakadiriwa kuwa vituo 425 vya runinga viliirusha na kwamba watu milioni 470 waliitazama.

Kilichofuata kinajulikana. Mwezi uliofuata Geldof aliwakusanya wanamuziki wa Uingereza na Ireland chini ya jina Band Aid, na Januari 1985 wenzao wa Marekani wakarekodi wimbo wa USA for Africa, mradi uliochangisha zaidi ya dola milioni 60. Julai 13 mwaka huo tamasha la Live Aid lilifanyika London na Philadelphia kwa wakati mmoja. Serikali zilizokuwa zimesita kwa sababu Mengistu alikuwa mshirika wa Usovieti zilijikuta zikishinikizwa na wananchi wao wenyewe, na ndege za kijeshi zikaanza kuangusha nafaka badala ya mabomu.

Watoto wa shule walivunja vibuyu vyao vya akiba. Watu ambao hawakuwahi kuisikia Korem walituma pesa zao. Yote hayo kwa sababu ya dakika saba.

Hapa ndipo maswali yanapoanzia, nayo si maswali mepesi.

Picha inaweza kumwonyesha mtu anayekufa njaa, lakini haiwezi kumwonyesha aliyeizuia nafaka isimfikie. Watazamaji waliona ukame, ukungu na mifupa. Ndege za Derg zilizopiga masoko ya Tigray hazikuonekana. Walimwengu waliamini kwamba adui ni mvua iliyokosekana, na kwa hivyo dawa ni chakula.

Chakula kilipofika, baadhi ya malori na vituo vya msaada vilitumika katika mpango wa serikali wa kuwahamisha kwa nguvu watu wa kaskazini hadi kusini mwa nchi, mpango ambao nao uliua wengi. Shirika la madaktari la Ufaransa, Médecins Sans Frontières, lilipolalamika hadharani, lilifukuzwa nchini humo Desemba 1985. Idadi ya waliokufa katika baa lile hukadiriwa kuwa kati ya 400,000 na milioni moja.

Kuna deni jingine. Kwa miaka mingi Mwethiopia aliyekwenda ng'ambo aliulizwa kuhusu njaa kabla ya kuulizwa jina lake. Utafiti uliotolewa mwanzoni mwa miaka ya 2000 na VSO, shirika la Uingereza linalotuma watu wa kujitolea, ulibaini kwamba asilimia 80 ya Waingereza bado walizihusisha nchi zinazoendelea na njaa na maafa. Picha za Korem zilikuwa za kweli, lakini ukweli huo wa siku chache uligandishwa ukawa sura ya bara zima.

Kumlaumu mpigapicha kwa hayo ni kumwonea. Amin huyo huyo alikuwa amewapa wachapishaji maelfu ya picha za Waafrika wakiwa katika raha na heshima zao, na ulimwengu haukuzikimbilia kwa kasi ile. Aliyeamua ni picha zipi zingekumbukwa hakuwa yeye.

Tuzo zilimiminika, na watawala wa mataifa makubwa wakamkaribisha. Alizipokea, kisha akarudi kazini.

Ethiopia nayo haikumaliza naye. Mei 1991 Mengistu alitorokea Zimbabwe, na waasi walewale wa kaskazini wakauteka mji mkuu. Amin alikuwa Addis Ababa. Usiku wa kuamkia Juni 4, ghala kubwa la silaha lilianza kulipuka. Alikimbilia huko pamoja na Buerk na wenzao.

Mlipuko mwingine ukatokea walipokuwa karibu. John Mathai, Mkenya aliyekuwa akisimamia sauti na aliyefanya kazi naye kwa miaka mingi, aliuawa. Amin mwenyewe alijeruhiwa vibaya, na mkono wake wa kushoto haukuweza kuokolewa.

Kwa mpigapicha wa runinga, ambaye bega moja hubeba kamera na mkono mwingine huiongoza, wengi walidhani huo ulikuwa mwisho. Kwa mara ya kwanza yeye ndiye aliyelala kitandani huku wengine wakimpiga picha.

Alikwenda Marekani akatengenezewa mkono bandia unaoendeshwa kwa umeme, akajifunza kuutumia, na miezi michache baadaye alikuwa barabarani tena. Kifo cha Mathai kilimuuma kuliko jeraha lake. Huenda ndio uliokuwa wakati alioelewa kikamilifu jinsi walivyohisi wale aliokuwa amewaelekezea kamera maisha yake yote, ingawa hakuwa mtu wa kulisema hilo kwa wepesi.

Novemba 23, 1996, alipanda ndege ya shirika la Ethiopia, safari nambari 961, kutoka Addis Ababa kurudi nyumbani Nairobi. Aliandamana na Brian Tetley, mwandishi aliyeshirikiana naye katika vitabu vingi. Walikuwa wamekwenda kwa shughuli za kampuni yao, iliyokuwa ikichapisha jarida la shirika hilo la ndege.

Muda mfupi baada ya kupaa, Waethiopia watatu waliiteka nyara ndege hiyo, aina ya Boeing 767, na kuamuru ielekezwe Australia. Rubani, Leul Abate, aliwaeleza kwamba mafuta hayangetosha hata nusu ya safari. Hawakumsikiliza. Ndege ilifuata pwani ya Afrika, kisha ikakata kuelekea Komoro mafuta yakiwa yanaisha.

Walionusurika walisimulia kwamba katika dakika za mwisho Amin alikuwa amesimama, akibishana na watekaji. Hakutaka kukaa chini.

Ndege ilianguka baharini karibu na ufuo wa hoteli ya Le Galawa, katika kisiwa cha Ngazija. Kati ya watu 175 waliokuwemo, 125 walikufa, wakiwemo watekaji wote watatu. Wengine walikufa kwa kuwa walikuwa wamejaza upepo katika jaketi zao za kuokolea wakiwa bado ndani, zikawabana kwenye dari maji yalipoingia. Amin na Tetley hawakutoka. Amin alikuwa na umri wa miaka 53.

Ufuoni siku hiyo kulikuwa na watalii. Mmoja wao alikuwa na kamera ndogo ya video, akaielekeza baharini. Picha zake zinaonyesha bawa la kushoto likigusa maji kwanza, kisha ndege nzima ikigeuka na kuvunjika katika povu jeupe. Kanda hiyo ilionyeshwa katika taarifa za habari ulimwenguni kote, na miongoni mwa walioitazama Nairobi walikuwemo watu waliofundishwa kazi na mmoja wa waliokuwa ndani.

Salim alirithi Camerapix. Mwaka 1998 aliasisi taasisi ya kuwafunza vijana wa Kiafrika kazi ya uanahabari wa picha kwa jina la babake, na mnamo 2006 akatoa filamu kuhusu maisha yao wawili, Mo & Me, ambamo hakuficha ugumu wa kulelewa na mtu aliyekuwa nyumbani kwa nadra.

Hifadhi ya picha ingaliko, na idadi yake ni mamilioni. Zile za Mboya, za Idi Amin na za marais wa kwanza wa bara hili zina majina na tarehe nyuma yake. Zile za Korem zina tarehe. Waliomo ndani yake hawakuulizwa majina siku ile, na wengi wao hawakuishi kuyataja.